Kibanda, kwaya na Fizikia: kujiandaa na udaktari ukiwa kazini Mbeya

Matokeo yangu ya kwanza ya kidato cha sita yalikuwa Baiolojia C, Kemia D, Fizikia S. Aliyesoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, anajua S ni nini: umefika mlangoni, hukuingia. Kozi ya udaktari wa binadamu, ile MD ya miaka mitano, inataka alama kuu kwenye Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu, na alama kuu ni A mpaka E. S haimo.

Nyumbani Uyole hakukuwa na hela ya kunirudisha bwenini. Nikaingia kibandani Mwanjelwa kuwa wakala wa pesa za simu, nikajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kwaya sikuacha. Mara ya pili nilipata. Sasa niko mwaka wa tatu, na kila nikirudi likizo kuna mdogo wa mtu anatumwa aje aniulize nilifanyaje. Nimeona niandike, nipumzishe mdomo.

Huu ni mwongozo wa mtu anayefanya kazi huku anasoma. Kama uko shule muda wote na unapikiwa, soma hatua ya pili na ya tano, zilizobaki ziruke tu.

Hatua ya 1. Hesabu alama kabla ya kuhesabu saa

Fungua mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka huu. Si wa mwaka jana, na si ile picha ya skrini inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Uko bure kwenye tovuti yao. Tafuta MD, kisha soma sifa za kuingilia chuo kwa chuo: Muhimbili, kampasi ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopo hapahapa Mbeya, Dodoma, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Ifakara. Andika kwenye karatasi moja na uibandike ukutani.

Pointi zinahesabiwa hivi: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Ukishaona kiwango cha chini, kisahau. Kiwango cha chini kinakupa ruhusa ya kuomba, basi. Nafasi ni chache, waombaji wengi, na watu wanachukuliwa kuanzia juu kushuka chini. Mimi nilijiwekea pointi 11, yaani B mbili na C moja, nikajua kila somo linanidai nini. Fizikia ilichukua nusu ya saa zangu, Kemia theluthi, Baiolojia ikabakiwa na makombo. Iliniuma, kwa sababu Baiolojia ndiyo niliyoipenda, na mtu akichoka hukimbilia anachokipenda. Hapo ndipo wengi tunapopotea: tunasoma sana, lakini tunasoma tunachokijua.

Kuna njia nyingine, wala si ya aibu. Stashahada ya utabibu ni miaka mitatu. Kwa vigezo ambavyo TCU imekuwa ikiviweka, ukimaliza na wastani wa B au GPA ya 3.0, na kidato cha nne ulipata angalau D katika Hisabati, Fizikia, Kemia, Baiolojia na Kiingereza, unaweza kuomba MD. Darasani kwetu wapo matabibu waliotoka vituo vya afya vya vijijini, na kwenye wodi wanatuacha mbali. Ukiwa na S kama yangu na mtu wa kukulipia stashahada, ifikirie kwa uzito kabla ya kurudia mtihani.

Hatua ya 2. Zijue saa zako za akili mbichi

Kila anayefanya kazi ataniambia hana muda. Muda unao. Ambacho huna ni akili ya kutosha kwenye huo muda. Saa moja ya alfajiri na saa moja ya saa tatu usiku ukiwa umetoka kusimama kutwa nzima hazilingani, hata kama simu inazihesabu sawa.

Pima. Chukua maswali kumi ya Fizikia yenye uzito unaofanana, uyafanye alfajiri. Kesho yake chukua kumi mengine mchana, keshokutwa kumi usiku. Fanya hivyo wiki mbili uandike umepata mangapi. Mimi alfajiri nilikuwa napata saba, mchana tano, usiku matatu, na hayo matatu mengine nilikuwa nabahatisha. Basi hakuna mjadala: alfajiri ni ya Fizikia na Kemia ya hesabu. Kuna watu wa usiku kweli. Dada yangu ni mmoja wao, anaamka saa kumi na moja jioni ndiyo anaanza kuwa mtu. Lakini pima kwanza kabla hujajiita mtu wa usiku, maana wengi ni watu wa simu.

Ratiba yangu ilikuwa hivi. Kulala saa tatu usiku, kama kuku. Kuamka saa kumi alfajiri. Kuanzia saa kumi na robo mpaka saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, kitabu. Saa moja kuoga na chai, saa mbili kibanda kimefunguliwa. Hizo ni saa mbili na nusu mara siku sita, yaani saa 15. Jumamosi mama mwenye kibanda alinipokea zamu saa saba mchana, nikawa na saa nne nyingine kwenye chumba cha darasa la watoto pale kanisani. Kwa wiki ni saa 19. Ukiwa karibu na mjini, maktaba ya mkoa nayo ni mahali pazuri. Mimi ilikuwa inanila nauli.

Usiku sikusoma kitu kipya. Nusu saa ya vikadi vya maswali tu (nitavieleza hatua ya tano), kisha kulala. Usingizi si adui wa masomo: ulichokisoma kinapangwa kichwani ukiwa umelala, na anayekesha anajaza ndoo iliyotoboka. Wakati ule nilikuwa na saa saba za usingizi, na nilizilinda kuliko hela.

Sasa suala la baridi. Juni na Julai alfajiri ya Uyole inakuwa chini ya nyuzi 10, na vidole vinakataa kalamu. Soksi mbili, blanketi mgongoni, chupa ya chai mezani, na meza isiwe karibu na kitanda. Jambo moja usilifanye kabisa: usiingize jiko la mkaa chumbani ukafunga mlango. Huku kwetu kila msimu wa baridi unasikia familia imekutwa asubuhi. Mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na inaishika hemoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika. Utasinzia juu ya daftari la usafirishaji wa gesi kwenye damu, na gesi ndiyo itakayokusafirisha. Kama lazima upashe vidole, pasha nje, uache jiko hukohuko nje.

Umeme ukikatika: taa ndogo ya sola ichajiwe kila siku hata kama umeme upo. Ile siku utakayoisahau ndiyo utakayoihitaji.

Hatua ya 3. Chagua kazi kwa kuangalia inakuachia nini jioni

Usitazame mshahara peke yake. Uliza: kazi hii inaanza na kuisha saa inayojulikana? Inakula alfajiri yangu? Ina saa za ukimya?

Ulinzi wa usiku, usichukue. Watu wanasema utasoma lindoni. Utasoma wiki ya kwanza. Bodaboda ina hela ya kila siku, lakini haina saa ya kumaliza, na mteja wa mwisho ndiye wa hatari. Kibarua cha viazi kina hela nzuri wakati wa mavuno; nilikifanya wiki tatu, na alfajiri nilikuwa naitazama karatasi kama ukuta. Duka la dawa linavutia kwa sababu linanukia udaktari, ila duka la dawa muhimu linataka mtoa dawa aliyepitia mafunzo, na ukiwa humo unasimama kutwa. Kazi bora kuliko zote, kama unaipata, ni tuisheni. Mwenzangu mmoja wa Ilomba alikuwa anafundisha Kemia watoto wa kidato cha tatu nyumbani kwao. Kila Jumatatu alikuwa analazimika kuielewa moli upya ili amweleweshe mtoto, na alikuwa analipwa kwa kuielewa.

Mimi nilikuwa na kibanda, kwa 120,000 kwa mwezi. Uzuri wake: wateja wanakuja asubuhi na jioni, na kati ya saa nane na saa kumi mchana Mwanjelwa inasinzia. Ubaya wake ndio huu. Mwezi wa pili nilikuwa na daftari la Baiolojia wazi juu ya kaunta, nahesabu noti huku natamka hatua za mzunguko wa Krebs kimoyomoyo. Jioni, kwa wakala, floti, yaani pesa iliyo kwenye simu, ukijumlisha na keshi lazima irudi kwenye mtaji. Siku ile haikurudi. Ilipungua 80,000. Tukahesabu mara tatu, mama mwenye kibanda na mimi, noti kwa noti juu ya kiti cha plastiki, mpaka giza likaingia.

“Mwanangu,” akaniambia, wala hakupaza sauti, “chagua. Au unafunga kitabu, au mimi nafunga kibanda.”

“Nisamehe mama. Nitalipa.”

“Kulipa utalipa. Nakuuliza la kesho.”

Nililipa kwa miezi miwili. Na la kesho likawa hivi: mteja akiwa dirishani, hakuna kitabu. Si kitabu kilichofunikwa, hakuna kabisa. Saa nane mpaka saa kumi, vikadi tu, kwa sababu kikadi unakiweka chini katikati ya neno bila hasara, lakini hesabu ya Fizikia ukiikatisha unaanza upya. Usichanganye kazi mbili zinazogombania jicho moja.

Jambo la pili la kazi: ruhusa ya mtihani iombe siku unaajiriwa, si mwezi Aprili. Mwambie mwajiri wazi kwamba Mei hutakuwepo, na umtafutie wa kukushikia. Mimi nilimfundisha binti wa jirani tangu Machi. Bosi akijua mapema anapanga. Akishtukizwa anaona umemdharau.

Hatua ya 4. Hobi moja, na iwe na siku yake

Kuna ushauri unaosema uache kila kitu mpaka upite. Niliufuata mara ya kwanza, shuleni, na ndio mwaka niliopata S. Mtu asiyepumzika kwa ratiba hupumzika kwa wizi: dakika kumi za simu zinakuwa saa mbili, na mwisho hajasoma wala hajafurahi.

Lakini iwe moja. Mimi naimba sauti ya nne. Kwaya yetu ilikuwa na mazoezi Jumatano jioni na Jumamosi jioni, na ibada Jumapili. Jumatano ilikuwa inanitoa kanisani saa tatu usiku, nafika nyumbani saa nne, na alfajiri ya Alhamisi inakufa. Nikamwendea mwalimu wa kwaya.

“Mwalimu, naomba nisamehewe Jumatano mpaka Mei.”

“Besi ninao watatu tu. Na mmoja anakohoa.”

Tukakubaliana: Jumatano wananirekodia sauti ya nne kwenye simu, naisikiliza kwenye daladala ya asubuhi, Jumamosi nakuja nimeshika wimbo. Jumapili baada ya ibada ni ya mapumziko, hakuna kitabu mpaka Jumatatu alfajiri. Ukiwa Msabato hamisha siku, kanuni ni ileile.

Hobi nzuri kwa mtu wa namna yetu ina saa ya kuanza na saa ya kuisha, na ina watu watakaouliza uko wapi usipokuja. Kukimbia asubuhi kuelekea Kawetele, mpira wa mtaa Jumamosi, gitaa. Drafti kijiweni ni tamu ila haina filimbi ya mwisho. Anayeshindwa anataka marudio, anayeshinda anataka sifa. Mechi za uwanja wa Sokoine nilijipa moja kwa mwezi.

Angalia Pasaka. Inaangukia kati ya mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Aprili, na mtihani ni mwanzoni mwa Mei. Kwaya zote za nyanda za juu wakati huo zinafanya mazoezi kila siku, kuna sare mpya, kuna safari ya Tukuyu. Ukingoja Kwaresima ianze ndipo useme hapana, hutaweza. Niliaga Januari.

Hatua ya 5. Soma kwa kuulizwa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipogeuka.

Mara ya kwanza, shuleni, nilikuwa nasoma kwa kusoma: napitia daftari, napiga mistari kwa kalamu ya njano, najiona najua. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe akachapisha matokeo yake mwaka 1885: mtu akikariri kitu, kinamtoka kwa kasi sana mwanzoni, kisha kwa polepole. Dawa si kukisoma mara kumi siku moja. Dawa ni kukirudia kinapoanza kukimbia, na kukirudia kwa kujiuliza, si kwa kukitazama.

Nunua karatasi ya manila. Moja inatoa vikadi 40 ukiikata vizuri. Mbele andika swali, nyuma jibu fupi. Mfano wangu: mbele, “Asetili-CoA moja ikizunguka Krebs inatoa nini?” Nyuma: NADH 3, FADH2 1, ATP 1, CO2 2. Kikadi kikibeba majibu zaidi ya manne, kigawe. Boksi la viatu ligawe vyumba vinne: kesho, siku ya tatu, wiki, wiki tatu. Ukipata, kikadi kinasonga chumba cha mbele. Ukikosa, kinarudi kesho, hata kama kilikuwa kimefika mwisho. Inauma kidogo, na ndiyo kazi yake.

Kisha mitihani iliyopita. Kila mtu anayo, ila wachache wanajua kwamba NECTA, Baraza la Mitihani, huweka pia kwenye tovuti yake ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, mwaka kwa mwaka, bure. Humo wanaonyesha swali, asilimia ya waliolifaulu, na majibu halisi ya mtahiniwa aliyepata na aliyekosa, kwa mwandiko wake. Nilipofungua ya Fizikia niliona kosa langu kwenye mwandiko wa mtu mwingine: anaandika fomula, anaweka namba, anasahau vizio, anapoteza alama tatu. Nilisoma ripoti za miaka mitano kabla ya kugusa kitabu kipya. Hakikisha tu kwamba fomati unayofuata ni ya mwaka wako wa mtihani, kwa kuwa mitaala inabadilika.

Na lugha. Mtihani ni wa Kiingereza, na sisi tunafikiri kwa Kiswahili, wengine kwa Kinyakyusa kwanza. Usijilazimishe kuelewa kwa lugha inayokuchosha. Elewa kwa Kiswahili, halafu andika jibu kwa Kiingereza chenye istilahi zake, kwa mkono, kila siku japo aya moja. Siku moja mama mwenye kibanda aliniuliza, akikatakata nyanya, kwa nini kachumbari ikitiwa chumvi inaogelea maji yenyewe. Nikamweleza: maji ndani ya nyanya yanavuka ngozi ya seli kuifuata chumvi nje. Akasema, “Kumbe nyanya inalia.” Usiku ule niliandika osmosisi ukurasa mzima bila kufungua daftari. Ukiweza kumweleza mtu ambaye hana sababu ya kukuvumilia, umeelewa.

Hatua ya 6. Vitendo ndivyo vinavyowaangusha wa kujitegemea

Kila somo kati ya haya matatu lina karatasi ya vitendo, na mtahiniwa wa kujitegemea hana maabara. Wengi wanakutana na bureti, ule mrija wa kupimia wenye koki, siku ya mtihani, mara ya kwanza tangu waache shule.

Tafuteni wenzenu wanne au watano, mwende shule yenye maabara kuomba nafasi wakati wa likizo ya Desemba, mumlipe mtaalamu wa maabara na kununua kemikali zenu. Gharama ikigawanywa inabebeka. Kwenye titresheni, ile ya kudondosha asidi kwenye alkali mpaka rangi ibadilike, kinachohitajika ni mkono. Mkono wa kushoto kwenye koki ya bureti, wa kulia unazungusha chupa, na unapokaribia mwisho unaruhusu tone moja, unasubiri, tone moja. Metili chungwa, rangi ya kuonyesha mwisho, ikitoka njano ikawa rangi ya chungwa, simama. Ikiwa nyekundu umepita, rudia. Mimi nilipita mara sita mfululizo asubuhi ya kwanza. Siku ya tatu vipimo vyangu vilikuwa vinatofautiana kwa 0.1 ya sentimita za ujazo, na hapo ndipo alama zilipo.

Panya wa Baiolojia: ngozi inakatwa kwa mkasi wenye ncha butu ikielekea juu, kama unayefungua bahasha yenye barua ndani. Nilikata kwa nguvu, nikatoboa utumbo, na darasa zima likajua.

Fizikia unaweza kuianzia chumbani. Funga nati kwenye uzi, uning'inize kwenye boriti, urefu uwe mita 1 kutoka msumarini mpaka katikati ya nati. Isukume kidogo, hesabu mizunguko 20 kwa saa ya simu, gawa kwa 20. Utapata karibu sekunde 2 kwa kwenda na kurudi. Punguza uzi kwa sentimita 10, rudia, mpaka upate jozi sita za namba. Chora grafu ya mraba wa muda dhidi ya urefu, na kutoka kwenye mteremko wake utoe mvutano wa dunia. Yangu ya kwanza ilitoka 10.9 badala ya 9.8 kwa sababu nilikuwa naanza kuhesabu kwa “moja” badala ya “sifuri”. Kosa hilo ningelilipia Mei.

Na hospitali? Watu huniuliza kama wajitolee kwanza. Udahili unatazama alama, hautazami ulijitolea wapi. Ila omba siku mbili tatu kwenye zahanati ya karibu, ukae kwenye benchi la kliniki ya watoto uone foleni, harufu na kelele. Kama utatoka ukitaka kukimbia, bora ujue sasa.

Hatua ya 7. Panga mwaka kwa kalenda ya huku

Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwaka unaotangulia mtihani, na ukichelewa kuna faini. Kidato cha nne uwe na angalau C tatu. Hilo lifanye kwanza, hela ya ada itengwe kabla hata ya kununua vitabu.

Novemba mvua inaanza, na nyumbani wanahitaji mikono ya kupanda. Januari na Februari, palizi. Ukijifanya hayo hayakuhusu, utaitwa mvivu anayejificha nyuma ya vitabu, na amani ya nyumbani ikipotea hata alfajiri haisomeki. Niliongea na baba Oktoba: Jumamosi mbili za kupanda na mbili za palizi ni zangu, shamba zima, bila kununa. Zilizobaki waniachie. Alikubali kwa sababu nilitaja tarehe.

Nyaraka zifanye Novemba, usizingoje Julai. Mkopo wa elimu ya juu unataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na matokeo yakitoka kila mtu anakimbilia huko siku moja. Linganisha majina kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na kitambulisho, herufi kwa herufi. Sisi wenye majina ya Mwaki na Mwaky tunajua: karani mmoja anaweka i, mwingine y, na mfumo unaona watu wawili. Yangu yalitofautiana. Hati ya kiapo na kuzungushwa dirisha hadi dirisha vilinichukua wiki tano, wakati ambao kwa bahati sikuwa na haraka.

Hatua ya 8. Aprili na Mei

Aprili punguza saa za kibanda kama mwajiri anakubali, uache kujifunza kipya, ufanye karatasi nzima kwa muda kamili, ukiwa umekaa kiti kigumu. Toka kwenye alfajiri, hamia saa za mtihani wenyewe. Akili nayo inazoea saa ya kufunguka. Nenda kituoni siku moja kabla, ujue chumba, choo na daladala ipi inafika bila kubadilisha. Kalamu mbili, penseli, rula, kikokotoo kinachoruhusiwa, sweta.

Usijadili karatasi uliyotoka kuifanya. Nenda nyumbani, kula, lala saa tatu.

Karatasi yangu ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Jumamosi jioni nikaenda mazoezini. Nafasi yangu kwenye safu ya besi alikuwa amesimama kijana wa kidato cha pili, sauti yake imevunjika majuzi tu, anaimba akitazama viatu. Mwalimu alinionyesha kwa kidevu nisimame pembeni yake. Nota zilikuwa chache, tukasomea karatasi moja.